Kujitua Bila Msaidizi

Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba siku nitakayofika mbinguni, Mtakatifu Petro atanifungulia lango haraka ili tu ninyamaze. Hakukosea. Mimi, Luciana, ni mtu wa kuuliza. Mbegu ya mahindi siipeleki shambani mpaka anayeniuzia anieleze ilijaribiwa wapi, kwenye udongo gani, na mwaka huo mvua ilikuwaje. Wauza pembejeo wa Sumbawanga mjini wakiniona kwa mbali wanaanza kupanga upya maboksi yao ili waonekane wana kazi.

Basi Mwalimu Ebenezer alipotupanga mstari ukumbini, pale kigangoni kwetu Malangali, wanawake tisa tukiwa peku kwenye sakafu ya baridi ya mwezi wa sita, akatangaza kwamba atatufundisha mbinu sita za karate kutoka Japani, na kwamba mbinu hizo zinaweza kumwokoa mwanamke, nilinyoosha mkono kabla hajafunga mdomo.

"Zimemwokoa nani?"

"Samahani, mama?"

"Hizo mbinu. Nitajie mwanamke mmoja ambaye zilimwokoa. Jina lake, na anaishi wapi."

Ebenezer ni kijana wa Mbeya, afisa ardhi wa halmashauri, mpole, mtu wa kupiga pasi hata soksi. Siku ile alikuwa amevaa nguo nyeupe ngumu na mkanda wa kahawia, na masikio yalikuwa yamemwiva kwa baridi. Aliniambia sanaa ile ina mamia ya miaka. Nikamwambia hata kunguni wana mamia ya miaka. Wenzangu walicheka, na mwenyekiti wetu wa akina mama, ambaye ndiye aliyemwomba kijana aje, akanikata jicho. Mimi sikucheka. Sikuwa nimekwenda pale kuchekesha watu.

Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya msichana aliyekaa kwenye benchi karibu na mlango, amejifunika kitenge mpaka kidevuni. Huyo ni Jenifa, mwanangu, miaka ishirini na moja, mwanafunzi wa ualimu mwaka wa mwisho. Mwezi wa tano, asubuhi, akipita kwenye mikaratusi iliyo kati ya nyumba yetu na daraja la kwenda chuoni, mwanaume alimtokea kwa nyuma akamkumbatia na kumbana mikono. Jenifa alipiga kelele, wafyatua matofali wa jirani wakaitikia, na yule mtu akakimbia. Hakupatikana. Wanaume wa mtaa wakafyeka kila kichaka chini ya miti ile, njia ikawa nyeupe kabisa.

Haikusaidia. Mwanangu akifika kwenye mkaratusi wa kwanza, miguu inagoma. Nilimsindikiza mara tatu na mara tatu tukarudi. Nilimwitia bodaboda, akasema hawezi kukaa karibu hivyo na mwanaume asiyemjua. Mitihani ya mwisho ilikuwa inaanza Jumatatu moja ya mwezi wa saba, na asiyefika angerudia mwaka. Jenifa alishasema harudii. Ataacha, atalima na mimi. Mimi nalima kwa sababu napenda kulima, na roho iliniuma kufikiri kwamba mwanangu atashika jembe kwa sababu anaogopa miti.

Kwa hiyo nilikuwa na haki zote za kuuliza mbegu hii ilijaribiwa wapi.

Tulikutana kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri. Mbinu tano za kwanza nilizifanya kwa utii lakini zilinichosha akili. Kuzuia ngumi ya juu, kuzuia ya chini, teke la mbele, na kadhalika, Ebenezer akihesabu kwa Kijapani. Kila moja iliishia kwa ukelele, "Kiai!", wanawake tisa kwa pamoja, mpaka mbwa wa jirani wakazoea. Jenifa alitazama kutoka kwenye benchi lake na hakuvua viatu hata siku moja.

Wiki ya pili nikanyoosha mkono tena. "Mwalimu, huyo mtu wa kwenye mikaratusi hakuja kwa mbele na ngumi yake kama aliyepanga foleni. Alitokea nyuma."

"Umesema kweli, Mama Jenifa," Ebenezer akajibu. "Kwa anayeshika kutoka nyuma kuna mbinu ya sita. Ndiyo ngumu kuliko zote. Mimi ilinichukua miaka miwili."

Alhamisi ya wiki ya tatu akatuonyesha. Katekista wetu, mwanaume mwenye kilo zake, alijitolea kuwa mhalifu. Alimkumbatia Ebenezer kwa nyuma akamkaza. Ebenezer akagusa sakafu kwa kisigino cha kushoto mara mbili, ta, ta. Akatoa mguno mfupi puani. Kisha akashuka magoti mpaka mapaja yakabeba uzito, akarudisha mguu wa kushoto nusu hatua, akaangusha kiwiko cha kulia na kuzungusha nyonga, yote kwa mkupuo mmoja. Katekista akateleza kando ya ile nyonga akatua kwenye mkeka, macho kwenye dari.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi mwili ulinisisimka. Mwendo ule nilikuwa naujua, ila sikuweza kusema niliuona wapi, na kitu cha namna hiyo kinaniwasha mimi kuliko upupu.

"Kwa nini unagusa chini mara mbili?"

"Ni heshima, mama. Tunawakumbuka walimu wa kale wa Japani."

"Na mguno? Zile tano unapiga kelele mwishoni. Hii unaguna mwanzoni, tena kimyakimya."

Ebenezer akakitazama kisigino chake. Inaonekana hakuna aliyewahi kumuuliza. "Ndivyo nilivyofundishwa," akasema.

"Na nani?"

"Na Mwalimu Evans, kule Mbeya."

"Na yeye?"

"Na mzee mmoja anaitwa Zenon. Huyo ndiye aliyefundishwa na Mjapani mwenyewe."

"Yuko wapi huyo Zenon?"

Hapo kijana akaanza kukaza mkanda wake ambao haukuwa umelegea. "Yuko Matai, mama."

"Matai hii yetu? Ya hapo Kalambo?"

"Ndiyo."

Nikamkumbusha kwamba ana mwaka wa pili Sumbawanga, na kwamba mtu anakwenda Matai asubuhi akarudi kula chakula cha mchana kwake. Akasema alikuwa akisubiri apate mkanda mweusi kwanza, ili asimwendee mzee mikono mitupu. Nikamwambia Jumamosi tunakwenda na huo huo wa kahawia.

Ijumaa nilikwenda kuchukua gunia la ulezi kwa jirani aliyenihifadhia. Si gunia zima, ni kama nusu, lakini ulezi ni mzito. Tangu nifiwe na mume, sina wa kunitua. Nikifika uani najitua mwenyewe, mgongoni mpaka chini, gunia lisipasuke na kiuno kisikatike. Nilifika, nikasimama mahali pangu pa siku zote, na kisigino changu cha kushoto kikapapasa ardhi mara mbili kuona kama pana kokoto. Pumzi ikanitoka puani. Nikashuka magoti, nikarudisha mguu, nikaangusha kiwiko, nikazungusha nyonga, na gunia likateleza likakaa chini.

Nikabaki nimesimama hapo, mikono bado imekunjwa. Nilifundishwa hivyo na mama, na mama alifundishwa na bibi. Nimefanya hivyo maelfu ya mara bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango.

Jenifa alikuwa mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi. "Mama, vipi? Umeona mzimu?"

"Nimemwona Mjapani," nikamjibu.

Jumamosi nilijifunga vitenge viwili, nikapanda nyuma ya pikipiki ya Ebenezer, na nikajua kabla hatujatoka Malangali kwamba nusu ya kigango itakuwa na habari ya kuzungumza baada ya misa. Upepo wa mwezi wa saba ulitukata nyuso njia nzima. Ebenezer alikuwa amebeba nguo zake za karate kwenye begi, zimepigwa pasi. Sikumwambia nililoliona uani. Nilitaka kumsikia mzee kwanza.

Mzee Zenon tulimkuta nyuma ya soko la Matai kwenye banda lake la kuchomelea vyuma, ameinamia plau ya ng'ombe iliyovunjika mkono. Ni mtu mkavu wa miaka sabini na kitu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Ebenezer aliinama mbele yake mpaka nikaogopa atadondoka.

"Shikamoo, mwalimu wa mwalimu wangu."

Mzee alitazama kulia na kushoto akitafuta ni nani anayeamkiwa. Ilibidi nimweleze mimi, Evans wa Mbeya, karate, mbinu sita. Alipoelewa, uso wote ulimchangamka. Akazima mashine, akatuketisha kwenye vipande vya chuma, akaanza kusimulia.

Alianza vizuri. Ujanani alikuwa kibarua wa injinia mmoja Mjapani aliyekuja kujenga daraja, na jioni kazi ikiisha yule injinia alimfundisha karate kwenye mchanga wa mtoni. Hapo nilimwamini. Lakini kadiri Ebenezer alivyozidi kutikisa kichwa kwa heshima, ndivyo mzee alivyozidi kutia chumvi. Tukapelekwa kwenye mlima wa barafu. Tukakutana na mtawa wa miaka mia moja na kumi. Mbinu ya sita, akasema, ilizaliwa siku mtawa huyo aliposhikwa na dubu.

"Dubu?" nikauliza.

"Dubu."

"Alimshika kwa nyuma?"

"Nyuma kabisa."

"Na kwa nini mtawa aligusa chini mara mbili?"

"Barafu," mzee akajibu haraka. "Alikuwa anapima barafu."

Kulikuwa na gunia la mkaa pembeni ya banda. Niliomba ruhusa, nikainama, nikajitwika mgongoni, nikatembea hatua tatu mpaka mbele yake, nikajitua. Ta, ta. Mguno. Magoti, mguu, kiwiko, nyonga. Gunia likakaa chini mbele ya viatu vyake, likatoa vumbi kidogo.

Mzee Zenon alilitazama lile gunia. Kisha akaniuliza kwa Kifipa nyumbani kwetu ni wapi, na mama yangu alikuwa nani. Nikamjibu kwa Kifipa. Akavua miwani yake ya kuchomelea, akaipangusa ingawa ilikuwa safi, akarudi kwenye Kiswahili ili Ebenezer naye asikie.

"Injinia alikaa miezi saba," akasema. "Tano alinifundisha yeye, na hizo sikuongeza wala kupunguza. Ya sita aliniambia ipo, ni ya mtu akikushika kwa nyuma, na atanionyesha wiki inayofuata. Wiki iliyofuata daraja lilikuwa limekwisha na gari likaja kumchukua."

"Halafu?" nikamsukuma.

"Halafu nikaenda Mbeya kufanya kazi gereji. Vijana wakajua nina karate, wakaniita mwalimu. Evans alikuwa mwerevu, mbishi kama wewe. Niliwaambia mbinu ni sita, na yeye alishahesabu tano. Kila siku, mwalimu, ya sita lini? Mwalimu, ya sita? Ningemwambia siijui? Usiku nikalala nawaza, mtu akikubana mgongoni unamtoaje. Asubuhi nikamkumbuka mama yangu na ulezi wake."

"Na kwa nini hukusema ni ya mama yako?" Hiyo ilikuwa sauti ya Ebenezer, na ilikuwa imekonda.

"Kijana wangu," mzee akasema, "ningewaambia nawafundisha namna mama yangu alivyokuwa akijitua ulezi, nani angevua viatu?"

Ebenezer alinyanyuka akaenda kusimama karibu na pikipiki, ametugeuzia mgongo. Nilimwonea huruma, kweli nilimwonea. Miaka miwili ya kugusa sakafu kwa kisigino akiwakumbuka wazee wa Japani, na kumbe alikuwa anapapasa kokoto. Lakini mimi nilikuwa na swali langu na sikuwa nimetoka Malangali kuja kuliacha Matai.

"Mzee wangu, nisamehe. Ilimwokoa nani?"

Mzee Zenon hakuhitaji kufikiri. "Mama yangu mwenyewe. Nilikuwa mwanaume mzima, nimesharudi kutoka Mbeya, nalima na ng'ombe ng'ambo ya bonde. Nikaona mtu anamvamia mama njiani, kwa nyuma, mtu wa pombe. Niliacha plau nikakimbia na fimbo. Nilipofika, yule bwana amelala chali anatafuta pumzi, na mama ameshafika kwenye kona. Nikamwita, hakugeuka. Nikamkuta nyumbani. Nikamuuliza, mama, mbona hukugeuka hata kuangalia kama anakufuata? Akasema aliacha maharage motoni."

"Jina lake nani?"

"Dominika. Alikaa kijiji hicho hapo, ukivuka mto."

Jina na mahali. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote, na nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Tukarudi mpaka nusu ya safari. Hapo Ebenezer akasimamisha pikipiki pembeni, kwenye uwazi, hakuna kitu ila majani makavu na upepo, akavua kofia.

"Mama Jenifa, mimi ya sita siifundishi tena. Nitawaambia nini akina mama? Kwamba ni uongo?"

Hapo hasira zikanipanda. "Uongo uko wapi? Dubu ndiye uongo. Yule mlevi alilala chali kweli. Wewe umetumia miaka miwili kujifunza kitu ambacho wale wanawake wako wanakijua tangu walipokuwa wasichana wa kubeba nusu debe. Waambie hivyo hivyo."

Akazungusha kofia mikononi. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya mwanafunzi, "Na mimi naifanya sawasawa, mama?"

"Kiwiko chako kinachelewa," nikamwambia.

Akatoa daftari kwenye begi akaandika.

Jumanne aliyafanya yote kwa utaratibu wake. Alituambia ukweli wote, mpaka dubu. Wanawake wawili walinuna, wakasema wao walikuja kwa ajili ya Kijapani, si kwa ajili ya ulezi. Kisha akaleta gunia la mahindi katikati ya ukumbi akasema kila mmoja ajitwike na kujitua kama anavyofanya nyumbani, na ashike moyoni ule mwendo. Baada ya hapo badala ya gunia, katekista. Sote tisa tulimtua. Wale wawili walionuna walimtua kwa nguvu zaidi. Aliyekuwa wa tisa alipomaliza, katekista aliomba akae kwanza.

Ebenezer akatusimamisha. "Kitu kimoja hakikutoka Japani wala kwangu," akasema. "Kimetoka kwa bibi Dominika wa Matai. Ukimtua, ondoka. Usitazame ni nani, usitazame ameumia wapi, usirudi. Nenda unakokwenda."

Niligeuka kumtazama Jenifa. Alikuwa anavua viatu.

Mwanangu anajitua magunia tangu kidato cha kwanza, mwaka aliofiwa na baba yake. Alikuja mpaka katikati, akamkataa katekista kwa kichwa, akasema, "Mama anishike." Nikamshika kwa nyuma. Nikataka kumwachia. Kisha nikasikia kisigino, ta, ta, nikasikia pumzi yake, na dari ya ukumbi ikanigeukia. Tulirudia mara kumi na moja. Hakutabasamu hata mara moja. Alikuwa na uso wa mtu anayepima kitu.

Tukirudi nyumbani akasema, "Mama, ukumbini najua unakuja. Nishike siku nisiyoijua."

"Wapi?"

"Unajua wapi."

Nilimwambia sitafanya kitu kama hicho kwa mtoto niliyemzaa. Hakubishana. Jumatano alikwenda mpaka mkaratusi wa kwanza akarudi. Alhamisi vilevile. Ijumaa nilijificha nyuma ya tanuri la matofali, nikamwona anafika, anasimama, anageuza shingo kushoto na kulia, anarudi. Mikono yangu ilikuwa tayari na haikutaka kwenda. Jumapili niliwasha mshumaa kanisani, na kwa mara ya kwanza sikujua hasa ninaomba nini.

Jumatatu ya mtihani aliondoka saa moja kasoro asubuhi na kalamu zake kwenye mfuko wa nailoni. Mimi nilikuwa nimetangulia kwa njia ya shambani, nimevaa koti kubwa la marehemu kwa ajili ya baridi. Nilikwenda kumlinda tu, nawaambia ukweli. Nilisimama nyuma ya mti nikamwona anakuja. Alifika kwenye mkaratusi wa kwanza akasimama. Dakika moja. Dakika mbili.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akiniomba. Hakuwa anaogopa miti. Alikuwa anangoja kushikwa. Kila siku alikuja pale kungoja, na kwa kuwa hakuna aliyemshika, alirudi nyumbani akiwa bado anangoja. Nikamwona anaanza kugeuka kurudi, na moyo ukanipasuka. Nikavuka majani makavu kwa hatua nne, nikamkumbatia kwa nyuma, nikambana kwa nguvu zangu zote.

Sikusikia kisigino. Nadhani kilikuwapo, sikusikia. Nilichosikia ni pumzi, halafu miguu yangu haikuwa chini tena. Nilianguka kwa upande, kwenye mzizi, na maumivu yalinipanda kutoka kiunoni mpaka kwenye meno. Nilipofungua macho niliona soli za viatu vyake. Alikuwa anakimbia, lakini si kuelekea nyumbani. Alipita mti wa pili, wa tatu, akapita mikaratusi yote, akateremka darajani. Hakugeuka.

Nilikaa pale chini nikalia kwa sauti, mwanamke mzima ndani ya koti la mume wake, na wafyatua matofali wakaja kuniuliza nimeibiwa nini.

Jenifa alirudi saa tisa. Nilikuwa nimekaa jikoni kwa upande mmoja, naosha mboga. Akaweka mfuko wa kalamu mezani, akaanza kupepeta mchele. Nilivumilia mpaka nikashindwa.

"Mtihani ulikuwaje?"

"Mzuri."

"Njiani je?"

"Kuna mtu alinishika."

"Na ukamjua ni nani?"

"Aliponishika sikumjua," Jenifa akasema, hajaacha kupepeta. "Nilipofika darajani ndipo nikasikia anaita, 'Yesu na Maria, kiuno changu!' Nikamjua. Nilicheka peke yangu mpaka getini, mlinzi akafikiri nimechanganyikiwa."

Tangu mwezi wa tano nilikuwa sijamsikia akicheka. Hata siku hiyo sikumsikia mimi. Mlinzi wa geti ndiye aliyesikia, na nilimwonea wivu.

"Ukanijua, na hukurudi kuniinua?"

"Mama, nilikuwa na mtihani."

Akaweka ungo chini, akaja akanipa bega lake niegemee, akaninyanyua polepole mpaka nikasimama. Akanishikilia hapo mpaka nilipoweza kukanyaga.

"Kesho nina mtihani wa pili," akasema. "Tafadhali usije."